Kijivu, Njano, Kijani

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kelele, mshonaji na wifi yake hukaa mlangoni mwa jikoni na simu moja, wakilitafuta neno la siku. Neno lina herufi tano, kila moja kisandukuni mwake, majaribio ni sita. Herufi iliyokaa mahali pake huwa kijani. Iliyomo lakini imekosea nafasi, njano. Isiyokuwemo kabisa, kijivu.

"Jirani," alisema mshonaji.

"Ina sita hiyo. Na wateja unawapimaje viuno?"

Wakacheka. Kisha wifi, ambaye ni msusi, akasema kwamba kesho hatakuwepo. Kaka yake amemwomba aachie chumba ili aweke friji mbovu anazotengeneza.

"Sawa," alisema mshonaji. "Miguu ni yako."

Maneno yakatoka kinywani mwake yakiwa ndani ya visanduku, yakaning'inia juu ya jiko. Yote kijivu. Wifi akasogeza birika ili mvuke usiyaloweshe.

Wawili hawa hawakuwahi kuambiana jambo waziwazi. Mshonaji akimshonea wifi gauni, husema kitambaa kilibaki. Wifi akimsuka mshonaji, husema anajaribu mtindo. Walielewana, au walidhani wanaelewana.

Mume wa mshonaji akapita akifunga vifungo vya shati.

"Dada, nakutakia mema tu. Ukijitegemea utapata uhuru."

Kijivu, mwanzo hadi mwisho. Kisanduku kimoja kikamnasa kwenye kola. Alikipangusa kama anavyopangusa nyuzi za mkewe, akaenda kuwaita wapagazi. Dada huyo ndiye aliyesuka watu mpaka vidole vikavimba, ili yeye asomee ufundi.

"Huyo hata herufi moja hakupata," alisema wifi.

"Hajawahi kuwa na bahati na maneno."

Hilo likatoka kijani, nao wakacheka tena mpaka chai ikamwagika.

"Nitakuja kukuona," wifi alisema baadaye, akikunja kanga zake. Njano tupu.

"Imekosea nafasi," mshonaji alisema.

"Naona."

Mshonaji akajaribu tena. "Angalau utapumzika na kelele za cherehani." Kijivu. "Huko utapata wateja wengi." Kijivu. "Na mimi nitapata nafasi ya kukatia vitambaa." Hicho kilitoka kijivu kizito, kikaangukia kwenye sufuria, wifi akakiopoa kwa mwiko.

"Unamaliza majaribio bure," alisema wifi, bila kuinua macho. "Neno lenyewe unalijua."

Friji ya kwanza ilikwishaingia ukumbini. Wapagazi waliinamisha vichwa kuvipisha visanduku, wakauliza iwekwe wapi. Mume akawaonyesha chumba cha dada yake. Wakaiingiza, wakaiegemeza ukutani palipokuwa na kitanda, wakarudi kuchukua ya pili. Wifi akaufunga mzigo wake fundo moja, akalivuta likakaza.

Mshonaji akaiweka simu kifudifudi. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushona, haikukipata. Akamshika wifi kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila wakati wa kumpima mkono wa gauni.

"Wifi," alisema, "nataka ubaki. Mimi sikuolewa na kaka yako peke yake."