Filomena Anaumwa Wapi

Filomena alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kila walipokwenda zahanati, mama yake, Margareta, ndiye aliyeeleza anaumwa wapi. Mtoto wa kwanza wa Margareta alifia Masasi, wa pili akafia hapa hapa Mtoni, Dar es Salaam, kabla hajatembea. Huyu aliyebaki hakuachiwa hata kwenda dukani peke yake mvua ikinyesha.

Alipomaliza ualimu, Filomena alipangiwa shule katika kijiji cha ujamaa huko Dodoma. Wiki ile ile mama akasema mwanawe anabanwa na kifua. Filomena alipojisikiliza, kweli aliona kuna kitu kimemkaa kifuani.

Zahanati walimkuta tabibu, Bwana Mfaume. Margareta akamweleza yote: kifua, usiku halali, vumbi la Dodoma litammaliza, basi aandikiwe cheti abaki Dar es Salaam. Mfaume alimpima Filomena kifuani na mgongoni, kisha akamwomba mama asubiri nje.

“Ndugu Filomena, mimi sioni ugonjwa. Wewe mwenyewe unajisikiaje?”

Filomena akautazama mlango. Kila jibu alilolipata lilikuwa na sauti ya mama yake. Hofu ilikuwepo, ila hakujua ni yake au ameambukizwa. Hamu ya kwenda nayo ilikuwepo, na hiyo ilimtisha zaidi.

“Siumwi,” alisema mwishowe. “Ila sijui kama nataka kwenda.”

Mfaume akasema hilo hana dawa yake, cheti hakuandika, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Njiani mama hakugomba. Aliuliza tu, “Kwa hiyo mie nimesema uongo?”

“Hapana, mama. Nilikuwa nabanwa kweli.”

Margareta alinyamaza mpaka nyumbani. Filomena angeona afadhali agombe. Hasira za mama alizizoea, ukimya huu hakujua aupokeeje. Aliinuka akamwombe radhi, akakaa tena, maana hakujua kosa lenyewe ni lipi.

Siku ya safari mama alimsindikiza stesheni, akamkabidhi kapu la chakula, akamtakia afike salama. Treni ilipoondoka, Filomena aliusikia mwili mwepesi, akauonea aibu wepesi ule, machozi yakamtoka huku anacheka. Mama mmoja aliyekaa karibu naye akamwuliza taratibu kama amefiwa.

“Hapana, mama,” alisema, akijifuta kwa upindo wa kanga. “Nimepata kazi.”