Anayemlisha Msumari

Tangu Fundi Viti azikwe, mbwa wake Msumari alikataa kula chakula cha mtu yeyote. Binti yake fundi alijaribu kila hila. Alimchemshia mifupa mpaka chumba kikanuka supu wiki nzima. Alimlowekea mkate kwenye maziwa. Siku moja alipiga magoti pale kibarazani, akajifanya anakula yeye mwenyewe, akitafuna hewa na kusema "mmm, tamu kweli" kama mwehu. Msumari alimtazama kwa adabu, kama mgeni anayemvumilia mtoto wa mwenyeji, kisha akajikokota hadi kwenye kibanda cha kazi, mahali fundi alipokuwa akikaa miaka yote kusuka viti na kugonga misumari. Akalala hapo, uso kauelekeza ndani.

Ajabu ni kwamba hakukonda. Badala ya mbavu kujitokeza, alianza kuota kitambi. Na kila asubuhi Binti alipotoka kwenda kwenye duka la fotokopi alikofanya kazi, alilikuta bakuli la bati pale kibandani limelambwa hadi linang'aa.

Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, vyumba vikizunguka ua mmoja wa saruji wenye bomba moja na kamba za nguo. Jioni moja Binti alijikaza, akauliza kwa ile sauti yake ya chini ambayo watu humwomba airudie.

"Jamani, nani anamlisha Msumari?"

"Ati?" akasema Mama Mwenye Nyumba, akiendelea kumenya vitunguu.

"Msumari. Nani anamlisha?"

"Labda ana akiba yake benki, mwanangu. Mbwa wa siku hizi wajanja."

Muuguzi, aliyekuwa akianua sare zake, alicheka kidogo kisha akageuza uso. Fundi Redio hakuinua hata kichwa. Huyo aligombana na marehemu miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya kubweka kwa Msumari.

"Mimi habari za hilo jibwa usiniulize," alisema. "Sina ubia nalo."

Binti akarudi chumbani.

Ndipo alfajiri moja alipozinduliwa na mlio wa bati likiburuzwa juu ya saruji. Akafunua pazia kidogo. Pale kibandani, katika ule mwanga wa kijivu kabla ya jua, alisimama mtu aliyevaa koti la baba yake.

Lilikuwa lenyewe. Koti la kaki, madoa ya vanishi mgongoni, mfuko mmoja umelegea kwa uzito wa nyundo iliyokaa humo miaka yote. Na koti hilo Binti mwenyewe alilitoa siku chache baada ya maziko. Alimkabidhi Mama Mwenye Nyumba mkononi akamwambia, "Lichome moto, mama. Nisilione tena." Sasa koti lililochomwa moto lilikuwa limesimama uani, kola juu, kofia imeshushwa usoni, na sauti ya chinichini ikisema, "Haya kula, bwana mkubwa."

Hivyo ndivyo baba alivyomkaribisha Msumari kila siku, na Msumari hakugusa chakula kabla ya kukaribishwa. Binti alikwisha kuyajaribu maneno hayo. Mdomoni mwake hayakufaa kitu. Lakini sasa alisikia mbwa akila kwa pupa, ulimi ukipiga bati.

Nywele zilimsimama. Alipopata nguvu ya kufungua mlango, uani hapakuwa na mtu. Msumari peke yake, akijilamba pua.

Hakumwambia mtu. Aliona haya, na zaidi ya haya alikuwa na hofu: nyumba ya kupanga ikishasemwa ina mzimu, wa kwanza kufukuzwa ni mbwa. Akawa anaamka alfajiri na kuchungulia. Na baba alikuja. Siku nyingine alikuja mrefu kuliko alipokuwa hai, koti likimkomea kiunoni. Siku nyingine alikuja mfupi na mpana, vifungo vikilia. Binti alijiambia kwamba hakuna anayejua kaburi linamfanya nini mtu, na pengine huko hakuna vioo. Jumapili hakumwona kabisa. Alisikia bati tu.

Woga aliuzoea. Kitu ambacho hakukizoea ni kwamba mlango wa chumba chake ulitazamana na kibanda, na baba hakuwahi hata kuugeukia. Alikuja kwa mbwa, akaondoka. Yeye aliyemuuguza, aliyemgeuza kitandani na kumlowesha midomo kwa pamba, hakuambulia hata kikohozi.

Kazini akaanza kuharibu mambo. Bwana mmoja alileta cheti chake cha ndoa kitolewe nakala moja, Binti akabonyeza na kuzama mawazoni, mashine ikaendelea kutapika karatasi.

"Dada," yule bwana akamwambia, "mke ni mmoja tu. Usinitafutie makubwa."

Watu wote dukani wakacheka. Binti naye akatabasamu, lakini akili yake ilikuwa uani. Jioni hiyo akapiga moyo konde. Kesho atamuuliza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Alitoka peku, saruji ikimchoma kwa baridi. Koti lilikuwa limeinama juu ya bakuli, limempa mgongo. Asubuhi hiyo baba alikuwa na kimo cha kadiri, mabega yameanguka kidogo, karibu kabisa na alivyokuwa.

"Baba," akasema.

Koti likaganda.

"Nakuona kila siku. Sikatai umlishe. Lakini mbona kwangu hupiti?" Kwa mara ya kwanza hakuna aliyehitaji kumwambia arudie. "Hata kugonga tu? Nimekukosea nini, baba? Mlango sitaufunga. Nitauegesha."

Kijiko kilianza kutetemeka kwenye ukingo wa bati, tiki tiki tiki, kisha mabega ya koti nayo yakaanza. Msumari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona hana msaada kwa yeyote, akala.

"Binti," sauti ikasema mwishoni, nene, iliyojaa machozi. "Usinilaani, mwanangu. Mimi siye."

Kofia ikavuliwa. Chini yake alikuwa Fundi Redio.

Binti akakaa palepale chini. Fundi Redio alipoona hivyo alichanganyikiwa, akaanza kugonga kijiko kwenye bakuli kama kengele ya shule. "Mama Mwenye Nyumba! Mama! Amka, mambo yameharibika!"

Mama Mwenye Nyumba alitoka amejifunga shuka. Muuguzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, aliutupa mkoba wake akapiga magoti kushika mapigo ya Binti.

"Nimekwambia usichelewe kuja!" Mama alimfokea Fundi Redio.

"Nimechelewaje? Jua liko wapi?"

"Mama," Binti alisema, "nilikuomba ulichome."

Mama Mwenye Nyumba akakaa kando yake, mzima mzima. "Kiberiti nilikuwa nacho mkononi, mwanangu. Mvua ikaanza. Nikalivaa nikatupe taka mara moja, kumbe jibwa liko nyuma yangu. Nikaliambia kwa mzaha kama marehemu alivyoliambia, likala mpaka maganda ya viazi. Nikasema, haiwezekani mbwa afe njaa na koti lipo. Lakini wewe ulisema usilione tena. Basi tukapangiana zamu, alfajiri, kabla hujatoka. Tunalificha nyuma ya tangi la maji."

"Na yale maneno?"

"Bila maneno hali," alisema Muuguzi. "Tena anataka uyaseme kwa heshima. Ukiyasema kwa haraka anakutazama tu."

"Nifikirie mimi," alilalamika Fundi Redio, akijifuta uso kwa mkono wa koti. "Miaka yote namwita mshenzi. Leo, na mvi zangu hizi, nampigia goti mbwa namwita bwana mkubwa!"

Kicheko kikamtoka Binti, cha kwanza tangu maziko, na kilio kikakifuata kabla hakijaisha. Wakamshika mikono, huyu huku, huyu kule. Walikuwa watu wema kiasi cha kumtia uchungu. Maana sasa alijua kwamba baba hakuwahi kuja. Na akagundua kwamba angeona afadhali baba aje na kumpita, kuliko asije kabisa.

"Kwa hiyo ni nyinyi kila siku," alisema.

"Kila siku," Mama akajibu. "Mimi Jumatatu na Jumanne. Muuguzi katikati ya wiki. Ijumaa na Jumamosi, Fundi Redio."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni Muuguzi."

"Mimi?" Muuguzi akashangaa. "Jumapili si huwa niko kwa mama yangu? Nilijua ni Fundi."

"Jumapili mimi siamki hata nyumba iwake moto," Fundi Redio alisema. "Si Mama?"

Mama Mwenye Nyumba akatikisa kichwa polepole.

Wote wakalitazama bakuli.

"Paka," Mama akasema. "Paka anakuja analamba."

"Paka gani?" Muuguzi akauliza. "Msumari alishawahamisha wote mtaani."

Hakuna aliyecheka. Fundi Redio alilivua koti haraka, kama limeshika moto, akamkabidhi Binti. Binti akaliweka puani. Lilinuka vitunguu vya Mama, sabuni ya hospitali, moshi wa kulehemu redio. Vanishi ilikuwa imebaki mbali sana, ndani ya kola.

"Kesho ulivae wewe," Fundi Redio alisema kwa upole. "Ni haki yako."

Binti alinyanyuka, akaenda kulitundika nyuma ya tangi. "Kesho acheni kama Jumapili zote," alisema.

Usiku ule mlango wake aliuegesha. Alfajiri alikuwa macho, amelala chali, mikono juu ya shuka. Akasikia bati likiburuzwa. Akasikia mkia ukipiga mbao za kibanda. Pazia lilikuwa karibu na mkono wake, lakini hakuligusa. Aliogopa kumwona mtu na aliogopa kutomwona.

Baadaye zikaja kucha za mbwa juu ya saruji. Zilikuja taratibu, taratibu kuliko mbwa anavyotembea akiwa peke yake. Zikasimama. Zikaendelea. Mlango ukasukumwa.

Msumari aliingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu maziko, akipita upande mmoja wa mlango, amebana ukuta, kama anayempisha mtu. Mdomo ulikuwa umelowa mchuzi. Hakumtazama Binti. Alikaa kando ya kitanda, akainua macho juu, palipokuwa patupu, na mkia ukaanza kufagia sakafu.

Binti alijisogeza ukutani, akaacha nafasi ya mtu mzima kukaa ukingoni, na kwa ile sauti yake ya chini akasema, "Karibu, baba."