Usikamate Freni, Priscille

Wewe unayenisoma, jibu kwanza: ukimkaba shingo anakutupa chini, ukimlegezea anakufikisha. Ni nani? Usiniambie punda, hapa Kisangani sijaona punda hata mmoja. Ni pikipiki ikiwa kwenye mchanga.

Djuma alimfundisha mjukuu wangu Priscille kuendesha, kule Lubunga, ng'ambo ya mto, mahali njia inapogeuka mchanga mtupu. Alifundisha kwa fimbo.

"Simama! Toa matako kwa kiti! Bana tanki na magoti! Macho mbali, usiangalie gurudumu!"

Gurudumu la mbele likicheza, vidole vya Priscille vilikimbilia freni, na fimbo ikavishukia: pa! Kucha zilitoka damu.

"Tonton, unaniua!" Tonton kwetu ni mjomba.

"Muchanga haina huruma. Ikicheza, ongeza gazi, piga mbio."

"Bon. Na papa, yeye alikufa namna gani?"

Djuma akainua fimbo tena. "Macho mbali!" Baba yake Priscille ni mwanangu Félicien. Miaka sita iliyopita alipanda nyuma kwenye pikipiki ya Djuma, rafiki yake, wakashika njia ya Opala. Djuma akarudi peke yake. "Wezi," alisema, neno moja tu. Nilimuuliza mwaka mzima, nikachoka. Kila juma aliniletea samaki wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, akawaweka mlangoni, akaondoka bila kukaa.

Kisha dada yangu akafariki kijijini kwake, njia hiyohiyo ya Opala. Lazima niende matanga.

"Mimi siendeshi tena njia ile," Djuma akasema. "Priscille ataendesha. Wewe, koko, bibi yake, kaa katikati. Mimi nyuma."

Basi tukaenda watatu, na sufuria yangu kubwa mapajani.

Saa tano asubuhi tulifika kwenye mteremko. Pale mchanga ni mzito, na kila anayejifunza hukamata freni, akaanguka. Wezi hawana haja ya kufunga njia. Wanangoja tu.

Walitoka michikichini, wanaume watatu wenye mapanga. Gurudumu likacheza. Niliona vidole vya Priscille vinafunguka kuelekea freni.

"Gazi!" Djuma akapiga kelele. "Gazi, mutoto!"

Priscille akasimama, akafungua gazi. Wa kwanza alikuwa mbele yetu. Tulimgonga magotini, tukapita juu ya mguu wake, nikasikia mfupa unavunjika. Wa pili akashika kitenge changu. Nikamtwanga sufuria usoni, meno yakamtoka na damu.

"Kamata chakula ya matanga, mwizi wewe!"

Wa tatu akatukimbilia nyuma. Panga likashuka mara moja, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayepasua nyama sokoni. Damu ya moto ikanimwagikia shingoni. Djuma hakuruka. Alinikumbatia tu, mgongo wake ukiwa mlango kati yangu na lile panga, mpaka mteremko ukaisha.

Kijiji cha mbele kilikuwa na muuguzi. Alimlaza Djuma kifudifudi kwenye mkeka, akamshona bila sindano ya ganzi. Djuma aliuma kitambaa. Priscille akapiga magoti karibu na kichwa chake.

"Tonton. Papa alikufa namna gani?"

Djuma akatema kile kitambaa. Alinitazama mimi, si yeye.

"Gurudumu ilicheza, mama. Nikakamata freni, tukaanguka. Mimi nikakimbia. Yeye akabaki, anaita jina yangu."