Mgongo wa Shati

Bomba lilikohoa mara mbili, likanyamaza, kisha likaanza kutema maji.

Koko Marcelline alikuwa macho tayari. Katika jengo lao, mtaa wa Berea, maji yalifika ghorofa ya sita saa kumi alfajiri, na aliyechelewa kuamka alishinda na ndoo tupu. Alishuka kitandani polepole asimwamshe mjukuu wake Héritière, akawasha mshumaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, akatega beseni.

Kwa miaka mitano kazi yake ya saa hiyo ilikuwa moja: shati la shule. Lilikuwepo moja tu, jeupe. Alilifua alfajiri, akalikausha kwa pasi, na saa moja mtoto akatoka mlangoni na kola inayong'aa. Mama yake mtoto, Jocelyne, alisuka nywele za watu Cape Town na kutuma alichopata. Kazi ya shati ilikuwa ya Koko.

Jana Héritière alikuwa amefanya karatasi ya mwisho ya metriki, mtihani wa kumaliza sekondari. Alirudi jioni amechoka, akalitundika shati kwenye kiti, akalala na sketi yake. Koko alipolinyanyua shati mbele ya mshumaa, mkono wake uliganda. Lilikuwa limechafuliwa kwa wino. Mweusi, mwekundu, wa bluu. Kifuani, mikononi, na mgongoni kupita kote.

"Tena?" alinong'ona. "Hata siku ya mwisho?"

Maana aliwahi kuona wino mgongoni mwa mtoto huyu. Ilikuwa mwezi wa kwanza wa darasa la nane. Héritière alirudi nyumbani hajui kwamba ametembea mji mzima na neno moja limeandikwa kati ya mabega yake, lile neno baya wanaloitwa wageni. Koko alikuwa msomaji wa polepole, lakini neno hilo alilijua. Alilisugua mpaka vidole vikachubuka, na asubuhi mtoto akavaa shati safi. Hawakulizungumza tena.

Kwa hiyo safari hii hakusoma. Alisema moyoni, wasipate hata raha ya kusomwa. Akachukua sabuni ya mche, akachukua jiki, akachukua brashi ya kola, akapiga magoti. Alisugua kwa saa nzima. Kulipopambazuka shati lilikuwa dirishani, linadondosha maji, jeupe kama siku lilipotoka dukani.

Héritière aliamka, akajinyoosha, akalitazama dirisha. Akakaa kitako.

"Koko. Umefanya nini?"

"Nimekutolea uchafu wao, mama yangu. Usijali, umetoka wote."

Mtoto alisimama, akalishika shati, akalipekua mbele, akaligeuza nyuma, akatafuta hata kwapani. Kisha akalirudisha dirishani taratibu.

"Haukuwa uchafu, Koko. Ni wenzangu. Siku ya mwisho kila mtu anaandika jina lake na neno lake kwenye shati la mwenzake. Halafu unalitunza mpaka uzeeke."

Koko alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Walikuwa wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Acha tu, Koko. Hukujua."

Afadhali angepiga kelele. Lile "hukujua" lilisemwa kwa upole hata likamchoma kuliko matusi. Na Jumapili mtoto alikuwa apande basi kwenda kwa mama yake, na huko huko angeanza chuo. Koko hakutaka aende na shati tupu.

"Leo wenzako wako wapi?"

"Wanarudisha vitabu shuleni. Mimi nilirudisha vyangu jana. Na siendi, Koko. Niwaambie nini? Eti bibi yangu amewafua wote?"

"Utawaambia nini ni shauri lako. Mimi nitawaambia hivyo hivyo. Niandikie majina."

Alivaa kitenge chake cha kanisani. Shati alilipiga pasi kwa mama wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa na umeme siku hiyo na hakukubali malipo, hata ya mkaa kidogo. Akanunua kalamu nene ya wino usiotoka, akamwuliza mwuzaji mara tatu kama kweli hautoki.

"Hautoki, Mama."

"Hata kwa jiki?"

"Mama, unataka kuandika au kufua?"

Saa mbili alikuwa langoni mwa shule. Mlinzi wa lango, Damien, mtu wa Uvira, Mkongo mwenzake, alisikiliza habari yote bila kucheka, jambo ambalo Koko hakulisahau, kisha akatoa kiti chake mwenyewe kibandani na kukiweka kivulini.

"Kaa hapa, Mama. Hakuna atakayepita bila kukuona."

Wa kwanza kufika alikuwa Keziah, msichana wa Kikenya anayekaa Randburg, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Koko alimweleza, shati limelala magotini kama mtoto mgonjwa. Keziah alifunika mdomo kwa viganja.

"Ulitufua? Wote?"

"Wote, binti yangu. Nisamehe."

"Hata ule moyo nilichora na rangi tatu? Woi, Koko!" Akacheka mpaka akashika goti. Kisha akageuka kuelekea uwanjani. "Wasee! Kujeni hapa, nyote! Tumefutwa! Tuandike tena!"

Wakaja. Wakaja na vitabu kwapani, wengine na dada zao, wengine na masikio yamezibwa na muziki. Koko alilaza shati kwenye jalada la kitabu cha jiografia, akalivuta likanyooka, na kila mmoja akainama kuandika. Walivyoandika walikumbushana, kwa Kiingereza, kwa Kizulu, kwa lugha zote, na Koko alishika alichoshika. Walikumbuka mwaka ambao mabati ya maabara yaling'olewa na upepo, wakasoma kemia chini ya ngazi. Walikumbuka mwalimu wa hesabu aliyejifungua likizoni akarudi kabla ya wakati, kwa sababu aliogopa watafeli. Walikumbuka msichana aliyezimia kwenye gwaride, na kwamba Héritière ndiye aliyempa sweta lake akabaki anatetemeka mwenyewe.

"Hilo sikulijua," Koko alisema.

"Na kola," kijana mmoja akasema. "Sisi tulikuwa tunamwita Kola. Darasa zima hakuna aliyekuwa na kola nyeupe vile. Mama yangu alinigombeza kwa sababu ya hiyo kola, Gogo," akamwita bibi kwa Kizulu.

Koko aliinamisha uso akajifanya ananyoosha mshono.

Saa sita majina yalikuwa thelathini. Keziah alihesabu kwa kidole, akahakikisha kwenye karatasi.

"Amebaki Tumu. Yeye alirudisha vitabu mapema, leo haji. Hapa katikati ya mgongo nimewakataza watu, ni pahali pake. Jana aliandika hapo na akaziba na mkono ndio tusione."

"Anakaa wapi?"

"Alex, kule Alexandra."

Koko alilikunja shati.

Alipolitandika kitandani jioni ile, Héritière alisoma jina moja moja, akicheka, akirudia kwa sauti. Aligeuza nyuma. Alipoiona ile sehemu tupu kati ya mabega, kicheko kiliisha.

"Jana alikuandikia nini?" Koko akauliza.

"Sikusoma. Aliniambia nisome nikifika nyumbani, na nilipofika nikaogopa, nikasema nitasoma asubuhi."

"Uliogopa nini?"

Héritière alikunja miguu kitandani, akaongea akilitazama shati. "Lile neno la darasa la nane, Koko. Aliyeandika ni yeye. Nilimwona na kalamu nyuma yangu, ila maana yake niliijua nyumbani. Hajui kama nilimwona. Miaka mitano nimesubiri aseme. Jana alipochagua pale pale, mahali pale pale, nikajua, leo atasema. Au hatasema kamwe."

Koko aliikunja ile karatasi ya majina.

"Na maandazi? Darasa la kumi uliniomba nikufungie manne badala ya mawili. Sikuuliza. Yalikuwa ya nani?"

"Ya Tumu."

"Yeye?"

"Alikuwa na njaa, Koko."

Bibi aliutazama uso wa mjukuu kana kwamba anaupima kwa ajili ya gauni. Mambo mengi yalikuwa yamefanyika nje ya mlango wake, na si mabaya.

Sasa, Alexandra. Koko alikuwa amekaa huko zamani, chumba cha bati nyuma ya nyumba ya watu, mpaka ule mwezi wa tano wa mwaka 2008, wageni walipowindwa nyumba kwa nyumba. Usiku ule alitoka na Héritière mgongoni, miaka miwili, mdomo wa mtoto ameuziba kwa kanga. Mwanamke asiyemjua alimfungulia geti la uani na kumwonyesha njia isiyo na watu. Alimkumbuka mwanamke huyo katika sala kila siku. Lakini aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga huko tena, na kwa miaka yote hiyo haukukanyaga.

"Koko, usiende," Héritière alisema, kana kwamba amesoma mawazo. "Yameandikwa thelathini. Yanatosha."

"Nilifua thelathini na mmoja," Koko akajibu. "Kesho tunaondoka saa tatu. Vaa viatu vizuri."

Jumamosi walishuka Alexandra, wakauliza njia dukani, kwenye spaza ya kona, wakaonyeshwa. Koko alitembea katikati ya barabara, mkono wa kulia umeshika mfuko wa shati, wa kushoto umeshika kiwiko cha mjukuu kwa nguvu kiasi kwamba mtoto alilalamika. Hakupunguza mwendo. Mtu aliyekuwa akiosha gari alifunga maji wapite wasilowe, naye Koko akamwambia aksanti kwa lugha yake mwenyewe, kwa sauti.

Tumu aliwakuta wao, si wao waliomkuta yeye. Alikuwa anatoka uani na ndoo ya maganda, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Alipomwona Héritière alifurahi, alipomwona bibi akatazama chini.

"Eish. Umesoma?" alimwuliza msichana.

"Sikusoma. Koko alilifua kabla."

Koko alikuwa anamtazama usoni, na aliona wazi: kijana alipumua. Mabega yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Kisha, baada ya kupumua, ule uso ukaingiwa na aibu.

Mlangoni alikaa bibi yake, mwanamke mnene, miguu imevimba, anamenya viazi. Aliita kwa Kizulu, "Nani hao, Tumu? Walete kivulini, jua linawachoma!" Akasogeza kiti chake mwenyewe kwa makalio, akatoa mto uliokuwa mgongoni mwake, akauweka kwenye kreti ili mgeni akalie. Koko alikaa juu ya mto ule. Ulikuwa bado una joto.

Alimweleza kwa Kizulu chake cha sokoni: shati, wino, jiki, ghorofa ya sita na basi la kesho. Yule bibi alicheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. Koko alipotaja jina la Héritière, kicheko kikakatika.

"Huyu ndiye wa maandazi? Tumu! Ndiye?" Akamshika Koko mkono kwa mkono wenye wanga wa viazi. "Kila Ijumaa aliniletea moja, limefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nilikuwa naumwa, siwezi kusimama jikoni. Lilikuwa na iliki."

"Naweka kidogo tu," Koko akasema. "Ukizidisha inakuwa chungu."

Kisha akatoa shati, akalitandaza magotini, mgongo juu. Akavuta kitambaa kwa vidole gumba viwili kama afanyavyo mshonaji, sehemu ile tupu ikakaza kama ngozi ya ngoma. Akamnyooshea Tumu kalamu.

Tumu hakuichukua.

"Gogo, jana... ile siku, niliandika 'kila la heri' tu." Alimgeukia Héritière. "Nilitaka kuandika kitu kingine. Niliziba na mkono wasione, halafu mkono ukaandika 'kila la heri'."

"Najua ni kitu gani," Héritière akasema.

"Hujui."

"Nilikuona, Tumu. Darasa la nane. Ulikuwa na kalamu nyeusi, kifuniko umekitia mdomoni."

Bibi yake kijana alitazama huku na huku, kisu kimesimama. Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza. Kuku alipita uani. Tumu alifuta uso kwa mkono wa fulana.

"Ulijua, na ukanipa chakula?"

"Ningekuacha ufe njaa? Halafu ningemsubiri nani aseme?"

Koko hakulegeza kitambaa. Vidole vilimuuma. "Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyelifua lile la kwanza. Nalijua ukubwa wake. Lilianzia hapa, likaishia hapa. Nafasi ninayo, na muda ninao. Andika."

Kijana alipiga magoti, akachukua kalamu. Aliandika polepole sana, na kila herufi ilipoisha Koko alisogeza kitambaa kidogo apate mahali pa herufi inayofuata. Alipomaliza aliweka jina lake lote, na la ukoo.

Héritière aliinama akasoma. Koko naye akasoma, polepole, kama alivyosoma neno lile miaka mitano iliyopita, pale pale kati ya mabega. *Niliyekuandika hapa darasa la nane ni mimi, Tumu. Ulinilisha. Naomba unisamehe.*

Msichana aliinuka. Alilichukua shati, akalivaa juu ya gauni lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha kola.

"Limekauka?" Tumu akauliza.

"Litakauka nikitembea," akasema, akampiga ngumi ndogo begani. "Jinga wewe. Njoo utusindikize mpaka kwenye gari."

Koko alinyanyuka, akaurudisha mto mgongoni kwa mwenyewe, akaukandakanda ukae vizuri. Yule bibi alimshika kiwiko, hakumwachia.

"Mtoto wako kesho anasafiri," alisema. "Wewe unabaki peke yako huko juu ghorofani. Jumamosi ijayo niko hapa hapa. Njoo tena, dada yangu. Njoo na iliki."