Saa Arobaini na Nane

Baba yangu hajui kusoma. Pale Bwaise tulioijua siri hiyo tulikuwa wawili, mimi na mama, na mama ako kwetu Kenya, Bungoma, anamuuguza nyanya tangu Februari.

Kwenye gruupu ya WhatsApp ya zoni yetu, baba ni mtu wa heshima. Kila jioni anakaa kwa cherehani yake akishona viti vya magari, mimi nakaa juu ya sponji na simu yake, namsomea kila kitu: choo cha nani kinavuja, nani anamtukana nani juu ya uchaguzi. Yeye anafikiri kidogo, anasema neno lake na pini ziko mdomoni, mimi naandika. Maneno yake ni machache na hayana matusi, ndiyo maana watu wakibishana sana mtu anasema, ngojeni Mzee Khaemba aseme. Nilikuwa napenda hiyo. Mimi shuleni hata nikijua jibu siinui mkono.

Alhamisi, Mama Ojara aliandika kwa gruupu. Alisema kijana wake ako kwa stoo ya ofisi ya zoni tangu Jumapili, ati ameiba vifuniko vya chuma vya mtaro. Hajapelekwa polisi, hajapelekwa kortini. Akauliza, nani ataniambia mtoto wangu anatoka lini?

Gruupu ina watu arobaini na mmoja. Walituma mikono ya kuomba. Mmoja akatuma video ya mchungaji. Mwingine akaandika pole nnyabo, yaani pole mama. Hakuna aliyetaja Ssentebe, mwenyekiti wa zoni yetu, na yeye mwenyewe ndiye alimfungia huyo kijana.

Baba alikuwa ameenda kupima viti vya gari ya mtu, simu iko kwa chaji. Kuna ukurasa wa mawakili kwa Facebook, watu wanauliza maswali ya sheria, mimi nasoma tu, sijawahi kusema kitu. Swali kama hilo la Mama Ojara nililiona pale mara nyingi. Nikachukua simu nikaandika: "Katiba inasema mtu akishikwa apelekwe kortini kabla ya saa arobaini na nane, ama aachiliwe. Ojara amemaliza siku nne. Anayemshikilia ndiye anavunja sheria."

Nikatuma. Nilisahau kwamba kidole ni changu lakini jina ni la baba.

Ssentebe alijibu kabla sijaweka simu chini. "Mzee Khaemba, kumbe wewe ni wakili. Kesho saa nne ofisini. Uje na karatasi zako zote."

Nikafuta. Nilibonyeza vibaya mara mbili, ya tatu ikafutika. Papo hapo Wahabi, yule wa ulinzi wa zoni, akaweka picha ya maneno yangu. Alikuwa ameshayapiga picha kabla sijafuta. Chini yake akaandika, ukifuta unatuonyesha tu kwamba unajua umekosa.

Baba aliporudi nilimwambia. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwa kitambaa. Kibali chake cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi huu, na ili kipya kitoke anahitaji barua ya Ssentebe. Bila hiyo barua tunarudi Kenya, na shule yangu imeishia hapo. Nilingoja anipige. Aliniuliza tu kama hiyo sheria ni ya kweli ama nimeokota ya watu kwa mtandao. Nikasema iko kwa Katiba, ninayo kwa simu. Akaniambia nimsomee. Nilimsomea mara tatu, naigeuza kwa Kiswahili, yeye macho yako kwa sindano.

Ijumaa alisema twende wote.

Ofisi ni chumba kimoja, na stoo iko nyuma yake, mlango wa mabati na kufuli. Ssentebe alikaa kwa meza, muhuri mbele yake. Wahabi alisimama karibu na mlango. Baba aliweka karatasi zake juu ya meza, pasipoti na kibali. Ssentebe hakuzifungua, alizivuta tu upande wake. Nyuma ya mabati mtu alikohoa.

Halafu Ssentebe akamnyooshea baba simu, ile picha imefunguka. "Mukulu, mzee wetu, tusomee wewe mwenyewe. Nataka kusikia hii sheria na mdomo wako."

Baba alishika simu. Aliiangalia muda mrefu mpaka ikazima. Wahabi akaiwasha, baba akaiangalia tena. Jasho lilikuwa linashuka nyuma ya sikio lake. Nilijua anaweza kuyasema yote kwa kichwa, lakini hakujua yanaanzia wapi kwa ile picha, na aliogopa kudanganya kwamba anasoma.

Nilisikia sauti yangu. Ilikuwa ndogo sana. "Ni mimi niliandika. Baba hakuwa nyumbani."

"Na yeye kwa nini hasomi?"

Ssentebe alimwangalia baba, halafu akaanza kucheka polepole. "Wahabi, unasikia? Mwaka mzima tunabishana na katoto."

Wahabi naye akacheka. Baba aliangalia sakafu. Ningependa ile sakafu inimeze.

Ssentebe akavuta karatasi tupu, akafungua muhuri. Akasema yeye si mtu mbaya, mtoto ni mtoto. Baba aseme tu kwamba mtoto amekosea, aseme kwa sauti tumrekodi tuweke kwa gruupu, na barua anaiandika sasa hivi. Wahabi alishainua simu.

Baba aliinua macho, nikafikiri atasema. Mimi nilitaka aseme. Ndani ya roho nilikuwa namwomba, baba sema, sema twende nyumbani.

"Mimi sijui kusoma, ni kweli," baba alisema. "Lakini alinisomea. Mtoto hajakosea. Huyo kijana mpelekeni kortini ama mumwachilie."

Wahabi alikuwa anarekodi. Ssentebe alimwambia azime, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akafunga muhuri. Karatasi za baba akaziweka kwa droo, akageuza ufunguo. "Kale, sawa. Nendeni. Nitawaita."

Jioni Ojara alirudi kwao. Walimtoa kwa mlango wa nyuma, anachechemea. Mama Ojara alikuja kwetu na ndizi, akamshika baba mikono, hakukaa. Kwa gruupu hakuandika, na wengine pia hawakuandika. Asubuhi nikakuta baba ametolewa kwa gruupu.

Leo ni siku ya sita tangu Ijumaa. Karatasi ziko bado kwa droo. Baba anashona kama kawaida, ila pikipiki ikisimama nje anaondoa mguu kwa cherehani, anangoja kuitwa. Ikienda, anaanza tena. Jana aliniuliza sheria inasema karatasi za mtu zinaweza kukaa kwa droo ya mtu mwingine siku ngapi. Natafuta. Mpaka sasa sijaona.