Kilo Sitini na Moja

Bomba lilikuwa limelala sakafuni katika bweni la watoto, mita sita kamili, likisubiri kupandishwa darini. Fundi alichuchumaa kando yake na kipande cha chaki. Uzito wa chuma aliujua. Alichotafuta ni uzito wa maji yatakayojaa humo ndani, maana chini yake watalala watoto, na bomba likiachia halichagui kichwa.

Zamani kazi hii waliifanya wawili. Yeye alipiga hesabu, kisha mkewe akaning'inia kwenye kibano kitupu, kile chuma cha kushikilia bomba darini, ili kukijaribu, huku mume akiikodolea macho bolti. "Ukiniangusha," mke alikuwa akisema, miguu ikielea hewani, "utapika mwenyewe mpaka kiama!" Hakuwahi kumwangusha. Ugonjwa ndio uliomchukua, na tangu hapo ukimtajia msaidizi mwingine anakuwa mbogo.

Akapima, akazidisha, akaandika: kilo sitini na moja. Hizo ndizo zilikuwa kilo za mkewe siku zake za afya, alipokuwa akiringa juu ya mizani ya duka la dawa mbele za watu. Fundi akacheka peke yake kama mwehu, akaiangalia ile namba mpaka macho yakamlowa.

Halafu akashtuka. Kosa gani hili la mwanafunzi! Alikuwa amepima bomba kwa nje, pamoja na unene wa chuma, wakati maji hukaa ndani. Akaweka futi kwenye mdomo wa bomba, akarudia hesabu. Arobaini na saba.

Hizo nazo alizijua. Zilisomwa hospitalini wiki ya mwisho, alipombeba mkewe mikononi na kuogopa jinsi alivyokuwa mwepesi. Aliichukia namba hiyo.

Mlezi wa bweni akachungulia mlangoni. "Vipi fundi, umepata?"

"Arobaini na saba, mama. Vibano viwili vinatosha."

"Afadhali!"

"Lakini nafunga vitatu. Nataka vibebe sitini na moja."

"Haya, fundi ni wewe," akasema mlezi, akaenda zake.

Alipokaza cha tatu, akachora alama ya chaki kwenye bolti, akakidandia, akaning'inia.

"Imecheza?" akauliza, kama mkewe alivyozoea kuuliza.

Vitanda vidogo vilikuwa vitupu. Akashuka, akapanda ngazi, akaitazama alama mwenyewe.

"Haijacheza," akajijibu.

Akaliacha bomba lipandishwe kesho, akakusanya vifaa vyake, akaenda nyumbani kupika.