Aliyelala Kivukoni

Mwizi wa ng'ombe hukimbia. Nyamwaga nzima ililijua hilo, na ndiyo sababu Mokami alisimama kule mlimani na mzigo wake wa nyasi za kuezekea, akatazama bondeni. Askari wa Mjerumani walikuwa wameswaga ng'ombe wa miji mitatu asubuhi kweupe, na walikuwa wanatembea. Hawakuwa na haraka hata kidogo. Walifika kivukoni, wakawavusha ng'ombe mto Mara taratibu, na ng'ambo wakawaacha wale majani mahali pa wazi, kama vile wamekuja kuchunga.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye mawe. Mzungu alikuwa amepata dhahabu kwenye vilima vya ng'ambo, akadai wanaume wa kumchimbia. Wazee wakamjibu kwamba mawe hayakamuliwi maziwa, akachimbe mwenyewe. Jibu zuri, nakubali, na mpaka leo tunalirudia kwenye pombe tukicheka. Mzungu hakucheka. Aliulizia mambo yetu, na mtu fulani, laana imfuate huko aliko, akamweleza kwamba Mkurya humtoi nyumbani kwake kwa amri wala kwa kiboko. Mchukulie ng'ombe huku anakuona, atakufuata mwenyewe.

Tena alimfundisha vizuri huyo mtu, maana kwetu yowe likipigwa hakuna kuuliza. Mwanaume anaacha alichoshika, anachukua upinde na podo, anakimbilia nyayo za ng'ombe. Anayebaki nyumbani anatozwa fahali, na wanawake wanamwimba mpaka anahama. Yowe ni la kuita tu. Mlio wa kuwarudisha watu hatuna, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja utahitajika. Tulikuwa na kiburi, na kiburi hicho tunacho mpaka kesho.

Mokami aliwaona askari wengine ng'ambo, juu ya mawe yanayotazama kivuko. Walikuwa wanasimamisha kitu chenye miguu mitatu, kisha wakakifunika matawi. Alikijua. Alizaliwa upande ule wa mto, na bunduki ile inayotema risasi bila kupumzika ndiyo iliyoumaliza mji wa baba yake kabla hajaolewa Nyamwaga.

Akaamua kunyamaza, ng'ombe waende. Ng'ombe hurudi, au huzaliwa wengine. Lakini nyuma yake, Gati, jirani yake, alikwisha kuona zizi tupu. Yowe lake lilipanda, mlima wa pili ukalidaka, na wa tatu.

Mokami alitupa nyasi akateremka mbio, miiba ikimchana miguu. Kichwani mwake mlikuwa na mtu mmoja tu: Heche, mwanawe wa pekee, aliyetahiriwa mwaka ule ule na aliyekuwa na mbio kuliko rika lake lote. Alimwomba Mungu mguu wa mtoto uteleze, avunjike hata kifundo, alale nyumbani mwezi mzima akilalamika.

Heche hakuteleza. Mokami alipofika kivukoni vijana walikwisha kuingia majini, maji yakiwafika kifuani, mishale wameiinua juu.

"Heche! Rudi! Ni mtego!"

Kijana aligeuka. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, hilo ndilo lililomuuma mama zaidi ya yote.

"Mama, si wale pale! Tunawaona!" Akasonga mbele na wenzake.

Nyuma ilisikika miguu ya watu wazima. Walikuja kwa mstari, kwa maana njia ya kwenda kivukoni ilikuwa finyu, vichaka vya miiba kulia na kushoto. Mbele alikuwa Waisiko, kiongozi wa vita, na nyuma yake Wangwe, mume wa Mokami. Aliwaeleza alichokiona, pumzi zikimkatika.

"Hiyo bunduki umeiona wewe peke yako?" Waisiko aliuliza. "Au ndugu zako wa ng'ambo ndio wamekutuma?"

"Waisiko, mwanangu yupo majini! Nani angenituma?"

"Basi pisha tukamsaidie."

Mokami akalala. Alijinyoosha chali, akakata njia kwa mwili wake, kichwa kwenye miiba ya huku na miguu kwenye miiba ya kule. Mwanamke aliyezaa akilala njiani hivyo, mwanaume aliyetahiriwa hamruki, hamgusi, wala hamzunguki. Akithubutu, silaha yake itamgeukia mwenyewe na nyumba yake itafutika. Wanawake walikuwa wakiitumia haki hiyo mara chache sana, kwa kutenganisha ndugu wanaotaka kuuana. Kuzuia watu wanaofuata ng'ombe, hakuna aliyekuwa amewahi kusikia.

Waisiko alimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mokami akafumba macho.

Ndipo bunduki ikaanza.

Sauti yake haikuwa ya bunduki walizozijua, ya kupiga, kunyamaza, kupiga tena. Ilikuwa moja, ndefu. Ndani yake vijana walisikika wakiitana majina, kisha wakawa wachache. Wanaume waliokuwa kwenye mstari hawakutukana tena. Waliamini sasa, na kuamini kwenyewe kukawatia wazimu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtoto au mdogo wake kule.

Wangwe alipiga magoti. "Mokami. Inuka. Mtoto yuko kule."

"Najua."

"Hatuna mwingine!"

"Najua, Wangwe. Nimemzaa mimi."

"Basi inuka nikafe naye, nakuomba!"

Mokami alishika mzizi kwa mkono mmoja na majani kwa mwingine, maana mwili wake ulikuwa unataka kuinuka kuliko hata miili yao. Alijua akiinua kichwa tu watapita wote, na jioni Nyamwaga itabaki na wanawake. Mimi nisingeweza. Babu wa babu yangu alikuwa kwenye mstari ule, nami nipo hapa kwa sababu yule mama hakuinuka, lakini nasema kweli: mimi ningeinuka.

Bunduki ilinyamaza, ikaanza tena kidogo, ikanyamaza. Mokami alisubiri. Alisikia njuga za ng'ombe zikisogea upande wa vilima, zikififia, mpaka masikio yake hayakupata kitu isipokuwa mto. Askari walikuwa wameondoka na mifugo.

Aliinuka, mgongo wote umejaa udongo na damu ya miiba, akajibana pembeni. Hakuna aliyemtazama. Waisiko alipita, na wengine wakafuata. Wangwe peke yake alibaki amepiga magoti palepale, kana kwamba njia bado imefungwa.

"Simama," Mokami alimwambia. "Nenda kamlete. Yule ni mzito, hawataweza kumbeba bila wewe."